Gereji ya Wasomaji: Tairi Kali kwenye Rimu ya Chuma

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa madereva wa mashindano madogo: slalomu ya koni (kupinda kushoto na kulia kati ya koni), kupanda kilima, siku za mzunguko wa uwanjani kwa magari ya kawaida. Karibu wote wanauliza jambo lilelile kwa sura tofauti, kama tairi kali, yaani la mashindano, linaweza kufungwa kwenye rimu ya chuma bila kuleta balaa. Linaweza. Ila yapo mambo ambayo chuma kinasamehe, na yapo ambayo hakisamehi hata kidogo, na hayo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

SWALI: Fundi, salaam. Nina gari dogo la kuvuta mbele, kilo 1,000 hivi, na rimu za chuma za inchi 14 kwa 5.5 (kipenyo kwa upana) zilizotoka nalo kiwandani. Pesa yangu inatosha kitu kimoja tu, seti ya matairi makali au seti ya rimu za aloi. Kila ninayemuuliza ananiambia nianze na rimu. Nyinyi mnasemaje?

JIBU: Anza na matairi. Wanaokushauri rimu wana hoja ya uzito, na si ya uongo, ila hawajaipigia hesabu. Rimu ya chuma ya ukubwa huo ina kilo 6.5 hadi 7.5 hivi. Aloi ya bei nafuu mara nyingi hupunguza kilo moja, na zipo zinazolingana na chuma kabisa. Ile nyepesi kwelikweli, ya kupunguza kilo 2, ndiyo mfuko wako hauifikii. Tuseme hata umeipata: kilo 2 mara 4 ni kilo 8. Kwa sababu rimu inazunguka, kila kilo yake gari linapochanganya huhesabika zaidi ya moja, lakini haiwezi kuvuka mbili hata uzito wote ungekaa kwenye uso wa tairi. Faida yako ya juu kabisa ni sawa na kilo 16 kwenye gari la kilo 1,000. Ukishusha tairi la akiba, jeki na mazagazaga ya kwenye buti, umeshazipita bila kununua chochote.

Upande wa tairi hesabu ni nyingine. Mwendo wa juu kwenye kona hupanda kwa kipeuo cha pili cha mshiko. Mshiko ukiongezeka kwa asilimia 20, kona ileile inapitika kwa mwendo wa karibu asilimia 10 zaidi, na slalomu ni kona mwanzo mwisho. Breki nazo zinakamata mapema. Hakuna rimu ya kukupa hayo.

Na asikutishe mtu kwamba chuma ni cha teksi. Magari ya daraja la juu la mashindano ya NASCAR nchini Marekani yalikimbia kwenye rimu za chuma za inchi 15 kwa 9.5, nati tano, mpaka mwisho wa msimu wa 2021, ndipo mwaka 2022 wakahamia alumini ya inchi 18. Zilikuwa nene kuliko zako, kweli, lakini chuma ni kilekile.

Ukienda kununua, tafuta kwenye ubavu wa tairi neno TREADWEAR na namba inayofuata. Ni kipimo cha uchakavu cha Marekani: 100 ni tairi la rejea, 200 maana yake limepewa makadirio ya kudumu mara mbili ya hilo. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo mpira unavyoelekea kuwa laini. Mashindano mengi ya magari ya kawaida huweka 200 kuwa kiwango cha chini, ndiyo maana matairi kama Yokohama Advan A052, Bridgestone Potenza RE-71RS na Hankook Ventus R-S4 yote yanasoma 200. Lakini kila kiwanda hujipangia namba yake chenyewe, kwa hiyo 200 ya huyu na 200 ya yule zinaweza kupishana sana uwanjani. Toyo Proxes R888R yenye 100 iko nje ya kiwango hicho. Soma kanuni za mashindano yako kabla hujatoa pesa.

SWALI: Rimu zangu za chuma ni 15 kwa 6. Muuzaji anasema 205/50 inaingia bila wasiwasi, na kuna mwenzangu kafunga 225/45 kwenye rimu kama hizihizi na anatamba. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua 195/50R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 50 ya upana huo, rimu ya inchi 15). Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu iliyopimiwa na mipaka ya upana inayokubalika. 195/50R15 hupimwa kwenye rimu ya inchi 6, mipaka yake 5.5 hadi 7. Hiyo ndiyo rimu yako hasa. 205/50R15 hupimwa kwenye 6.5, mipaka 5.5 hadi 7.5, kwa hiyo iko ndani, ingawa imebanwa kidogo. 225/45R15 inataka 7 hadi 8.5. Inchi 6 haimo, na mwenzako anatamba kwa sababu bado halijamtokea.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la rimu za chuma, maana uzito unasemwa sana lakini ni wembamba unaoumiza. Rimu nyingi za kiwandani ni 5.5 au 6, na tairi pana likifungwa humo midomo yake (kingo za ndani zinazokaa kwenye rimu) husogezwa karibu kuliko ilivyokusudiwa. Mbavu zinatokeza nje kama shavu lililojaa ugali, uso unavimba katikati, na kila nusu inchi ya rimu unayopunguza inakata milimita 5 hivi za upana wa tairi lenyewe. Ulilipia 205, unapata kama 200. Ukikata kona, rimu inasogea kwanza, ubavu unajikunja, na uso wa tairi ndio wa mwisho kupata habari. Dereva anasema gari "linaogelea". Unageuza usukani, unasubiri, kisha linaitikia kwa mkupuo. Katika slalomu ambako unageuza kushoto na kulia kila sekunde moja au mbili, huko kuchelewa kunakula faida yote ya upana.

Kwa mwenye rimu ya 14 kwa 5.5, kama msomaji wa kwanza, 185/60R14 ndiyo iliyopimiwa hapo. 195/60R14 nayo inakubalika, ila kipenyo chake kinafika milimita 590 dhidi ya 578, yaani gia zote zinakuwa ndefu kwa asilimia 2. Gari dogo la injini dogo utalisikia likivuta pumzi linapotoka kwenye kona.

Kabla hujafunga lolote, geuza rimu usome maandishi yaliyogongwa karibu na tundu la valvu au katikati. Utaona kitu kama 6J x 15 H2 ET45. Herufi ya kuitafuta ni H. H2 maana yake ndani ya rimu kuna nundu mbili, moja kila upande, zinazouzuia mdomo wa tairi usiteleze kuelekea katikati kona inaposukuma. Rimu za zamani sana za tairi la tyubu hazina nundu. Hizo usizifungie tairi kali lisilo na tyubu, maana kona moja ya nguvu inaweza kuling'oa mdomoni na upepo wote ukatoka kwa pigo moja.

SWALI: Nimeona rimu za chuma za inchi 15 kwenye gari la aina nyingine, matundu ni manne kama ya langu. Nitajuaje kama zitanikubali?

JIBU: Matundu manne hayatoshi. Pima duara linalopita katikati ya matundu. Kwa nati nne, tundu na lile linalolitazama moja kwa moja, kati kwa kati, ndicho kipenyo chake. Milimita 98 na 100 zinafanana machoni, na ukilazimisha nati zitaingia, ila zitakuwa zimevuta bolti pembeni na hazitakaa. Kwa nati tano mtego ni 112 na 114.3. Tofauti ya milimita 2.3 kwenye kipenyo inaonekana ndogo mpaka bolti zianze kukatika.

Kisha tundu la katikati. Honda nyingi za 4x100 (nati nne kwenye duara la milimita 100) zina habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, ya milimita 56.1, Toyota na Mazda MX-5 za 4x100 zina 54.1. Rimu ya Honda ikienda kwenye Toyota inabaki na nafasi ya milimita 2. Chuma chenye viti vya koni (sehemu za kukalia nati zenye umbo la koni) hujiweka katikati kwa nati zenyewe, kwa hiyo haitaanguka, lakini weka pete ya kujaza nafasi ili ikae sawa wakati wa kukaza na usukani usitetemeke. Rimu ya 54.1 kwenda kwenye habu ya 56.1 haiingii, na tafadhali usiipanue kwa tupa.

ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaogusa habu. Ikipungua kutoka 45 hadi 38, tairi linatoka nje milimita 7. Itazame na upana kwa pamoja: kutoka 5.5 kwenda 6 kwa ET ileile, kila upande unaongezeka milimita 6 hivi.

Mwisho kalipa, kile kifaa cha breki kinachobana diski. Funga rimu tupu, bila tairi, kaza nati mbili zinazotazamana kwa mkono, kisha zungusha. Rimu ya chuma ina tumbo linaloweza kugusa kalipa hata pale ambapo aloi ya inchi hiyohiyo inapita. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu na ubavuni mwa kalipa, zungusha, utoe, upime unene uliobaki. Chini ya milimita 3 usikubali. Na kumbuka risasi za balansi zinazobandikwa ndani zinakula nafasi hiyohiyo.

SWALI: Kila nikimaliza mizunguko mitatu minne, nati za magurudumu ya mbele zinalegea. Nilipaka rimu rangi mpya nyeusi msimu huu, matairi ni mapya, nati ni zile nilizotoa kwenye aloi. Nazikaza kwa spana ya upepo mpaka inagonga. Kosa liko wapi?

JIBU: Barua yako fupi ina makosa matatu, na kila moja peke yake linatosha kulegeza nati.

La kwanza ni nati. Aloi nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu ya chuma ina kiti cha koni, kwa kawaida cha nyuzi 60. Washa bapa juu ya koni inagusa kingo tu, haina pa kukaa. Honda wao hutumia kiti cha mviringo kama bakuli, Volkswagen vilevile, na rimu nyingi za kununua pembeni ni koni. Chukua nati, itumbukize kwenye tundu kwa mkono bila kuizungusha, uichezeshe. Nati sahihi inatulia, isiyo sahihi inatikisika. Ukitaka uhakika, paka kiti wino wa kalamu nene, kaza kidogo, fungua. Wino unatakiwa uwe umefutika duara zima, upana wa milimita kadhaa. Mstari mwembamba kama uzi ni ushahidi kwamba nati na kiti havijuani.

La pili ni rangi. Ukipaka rangi nzito kwenye viti vya nati na upande wa nyuma unaogusa habu, unakaza rangi na wala si chuma. Gurudumu likipata moto wa breki, rangi inalainika, inakandamizwa, inatoka kama vumbi, na mvutano wa bolti unakwenda nayo. Safisha maeneo hayo mawili mpaka chuma kionekane. Kiti cha nati kisugue kwa brashi ya waya, usitumie mashine ya kusaga kwa sababu utakiharibu umbo. Nyuso hizo zikibaki wazi zitapata kutu nyepesi. Hilo si tatizo, futa kila unapobadili tairi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Tazama rimu ya chuma kwa nyuma: uso unaogusa habu si bapa. Kuna duara lililoinuka, na eneo la matundu ya nati limezama kidogo kuelekea mbele. Ukikaza, bamba hilo linajikunja kwa kiasi kidogo sana na kufanya kazi kama washa ya springi, linaisukuma nati muda wote. Ndiyo maana chuma kikiwekwa vizuri hushika nati vizuri mno. Lakini pia ndiyo maana kinahitaji habu safi na bapa mpaka kwenye duara hilo. Spesa (bamba la kuwekwa kati ya rimu na habu) nyembamba yenye kipenyo kidogo kuliko duara, au bonge la kutu pembeni mwa habu, linaua hiyo springi.

La tatu ni spana ya upepo. "Mpaka inagonga" si kipimo. Kwa bolti za M12 (unene wa milimita 12) namba ya kawaida ni newton-mita 100 hadi 110. Toyota nyingi zinataka 103. Kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Spana ya upepo inaweza kupita maradufu ya hapo, na ukizidisha unavuta bolti mpaka irefuke isirudi tena, huku springi ya rimu ikilala isiinuke tena. Baada ya hapo hata ukikaza vizuri, italegea.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Gari likiwa kwenye jeki, ingiza nati zote kwa mkono, zizungushe mpaka ziguse. Kaza kwa spana ndogo kwa mpangilio wa nyota, nusu nguvu. Shusha gari mpaka tairi liguse chini tu, kisha maliza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nyota tena, katika hatua mbili, 60 halafu 105 tuseme. Nyuzi za bolti ziwe kavu na safi. Mafuta au grisi hupunguza msuguano, na kwa toki ileile bolti inavutwa zaidi ya inavyotakiwa. Ukitaka grisi ya shaba, paka utando mwembamba kwenye shingo ya habu tu, mahali tundu la katikati linapoingia, ili rimu isigande kwa kutu. Hesabu pia mizunguko ya nati tangu iliposhika mpaka ikakaa: urefu wa nyuzi zilizoshikana usipungue kipenyo cha bolti. Kwa M12x1.5 (uzi unaosogea milimita 1.5 kila mzunguko) ni mizunguko 8, kwa M12x1.25 ya Nissan na Subaru ni 10.

Rudia toki baada ya mzunguko wa kwanza na tena jioni, rimu zikiwa zimepoa. Gurudumu likiwa la moto gusa tu kujua kama hakuna iliyolegea, usikaze. Kama ulishazidisha nguvu msimu mzima, badilisha bolti zote za mbele, na rimu ambayo matundu yake yameanza kuwa ya yai itupe.

SWALI: Nasikia rimu za chuma hazipasuki, zinapinda tu. Ni kweli?

JIBU: Ukigonga shimo, ndiyo, chuma hupinda pale ambapo aloi ingekatika kipande. Hii ni sababu mojawapo ya kuipenda kwenye njia mbovu. Lakini kuna kifo kingine cha polepole. Gurudumu la mbele la nje kwenye kona linaweza kubeba kilo 450 za gari dogo kama la msomaji wa kwanza, lenye 185/60R14. Tairi kali likishika kwa nguvu sawa na uzito huo, ubavuni linasukuma kwa newton 4,400 hivi, na kwa nusu kipenyo cha milimita 289 hiyo ni karibu newton-mita 1,270 zinazoikunja rimu katikati. Gurudumu linazunguka, kwa hiyo kila mzunguko bamba linakunjwa huku na huku, mara 550 kwa kilomita. Rimu iliundwa ikitarajia tairi la kawaida linaloteleza mapema. Tairi kali haliachii, na chuma kinachoka.

Ufa huanza sehemu tatu: kutoka tundu la nati, kutoka kingo za matundu ya hewa, na kwenye kulehemu panapounganisha bamba la katikati na duara la nje. Mara nyingi huuoni ufa wenyewe. Unaona uzi mwembamba wa kahawia juu ya rangi nyeusi, kama chozi la kutu lililokauka, limeanzia kwenye tundu na kushuka sentimita moja au mbili. Ukikwangua rangi kwa ukucha hapo, chini yake pana mstari mweusi usiofutika.

Kila baada ya siku mbili tatu za mashindano, vua magurudumu, osha pande zote mbili, angalia kwa tochi ukiimulika kwa pembeni. Mara moja kwa msimu, tairi likiwa limetoka, tumia dawa ya kupenya ya makopo matatu. Safisha kwa kopo la kwanza mpaka chuma kiwe kikavu. Puliza rangi nyekundu, isubiri dakika 10. Ifute kwa kitambaa ulichokilowesha dawa ya kusafishia, usiipulizie rimu dawa hiyo moja kwa moja, utaiosha rangi iliyomo ndani ya ufa. Kisha puliza unga mweupe na usubiri dakika nyingine 10. Ufa utajichora wenyewe, mstari mwekundu juu ya weupe. Rimu iliyo nao haichomelewi. Ukilehemu unaweka ukingo mpya mgumu pembeni mwa ufa wa zamani, nao utapasukia hapohapo. Itoboe au ipinde kabisa kabla ya kuipeleka kwa wauza chuma chakavu, asije mtu akaiokota na kuifunga.

SWALI: Upepo kiasi gani?

JIBU: Swali fupi kuliko yote na lenye jibu refu kidogo. Anza na psi 4 juu ya kiwango cha upepo kwenye kibandiko cha mlangoni, matairi yakiwa ya baridi. Chora mistari mitatu kwa rangi nyeupe ya viatu kwenye bega la tairi, kutoka usoni kushuka ubavuni. Matairi mengi yana pembetatu ndogo begani. Piga mzunguko mmoja wa nguvu, simama, angalia rangi imefutika hadi wapi. Ikifutika kuvuka pembetatu, tairi linalalia ubavu, ongeza psi 2. Isipoifikia, punguza psi 2. Ukikaribia, nenda kwa psi 1 moja.

Kwenye rimu nyembamba utajikuta juu kuliko mwenye rimu pana, kwa sababu upepo unafanya kazi ambayo upana wa rimu ungeifanya. Usishuke chini ya kibandiko hata kama mtu kakwambia upepo mdogo ni mshiko mkubwa, na usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51. Joto huongeza psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, hivyo kati ya mzunguko na mzunguko pima tena na upunguze. Usisahau kuurudisha kabla ya safari ya nyumbani. Gari la kuvuta mbele likigoma kugeuka, jaribu kuongeza psi 3 nyuma kabla ya kugusa mbele.

SWALI: Je, naweza kuacha vifuniko vya plastiki vya rimu? Vinapendezesha.

JIBU: Hapana. Vinaruka kwenye kona, vinazuia hewa ya breki, na mkaguzi hawezi kuona nati. Vitoe nyumbani.

SWALI: Fundi wa matairi kaniachia valvu za zamani, anasema bado nzima.

JIBU: Valvu mpya kila tairi linapobadilishwa. Tundu la rimu ya chuma kwa kawaida ni milimita 11.3, valvu ya mpira ya kusukuma inaingia, na kwa slalomu inatosha. Kwa mzunguko wa mwendo mkubwa weka ya chuma ya kukaza kwa nati, ili mradi sehemu inapokaa ni bapa na haina kutu. Kofia iwe na mpira ndani.

SWALI: Kuna mtu anakata rimu za chuma na kuzipanua kutoka inchi 6 hadi 7.5 kwa kulehemu. Si ndiyo suluhisho la wembamba?

JIBU: Wazo ni zuri, na rimu za chuma za mashindano zenye upana huo zipo, zinatengenezwa na viwanda kama Bassett wa Marekani na Weller wa Uingereza. Kazi ya mtu binafsi inategemea mkono wake. Muulize anapimaje mviringo baada ya kulehemu. Asipokuonyesha saa ya kupimia (kipimo chenye mshale unaoonyesha yumbo), ondoka. Ukishazipata, zifunge kwenye habu bila tairi, weka saa hiyo kwenye kiti cha mdomo wa tairi na uzungushe. Yumbo la juu-chini na la pembeni lisizidi milimita 1. Kisha funga tairi, jaza upepo, paka maji ya sabuni mshono mzima na uache usiku kucha. Mshono unaovuja ni mshono wenye tundu, na tundu ndilo mwanzo wa ufa. Kanuni za mashindano ya magari ya kawaida mara nyingi pia hukataza kubadili upana wa rimu, hivyo uliza kwanza.

SWALI: Nimegonga ukingo wa njia, mdomo wa rimu umelala kidogo upande wa ndani. Naugonga nyundo?

JIBU: Kama umelala ukingo wa nje tu, si zaidi ya milimita 3 au 4, na sehemu anapokaa mdomo wa tairi iko sawa, unaweza kurudishwa kwa nyundo ya plastiki na gogo, chuma kikiwa baridi, taratibu, tairi likiwa limetoka. Usipashe moto. Halafu pima yumbo kama tulivyoeleza hapo juu, dawa ya kupenya ipite pale palipopinda, na maji ya sabuni yaonyeshe haivuji. Ikivuka milimita 1.5 pembeni, ifanye ya akiba ya kusukumia gari gereji. Angalia pia tairi kwa ndani: ukiona nyuzi zimevimba au mkunjo ubavuni kama kidole kilichobanwa, tairi nalo limekwisha, hata kama kashata zake bado ni mpya.